Siku Uliyopiga Baragumu

Mwanangu Nakiete,

Salamu naziruka. Tumeamkiana leo asubuhi, na muda si mrefu utarudi kutoka kwa bibi yako ulikokwenda kuaga, na utanipa shikamoo nyingine kana kwamba umetoka safari. Naandika sasa kwa sababu ukiwepo siwezi. Unapita nyuma yangu unachungulia, na mimi, unavyonijua, sipendi kuchunguliwa. Ukirudi nitakupa karatasi hizi uzisome kabla hujalala.

Jana ulinikalisha chini ukaniuliza swali. Ulisema, "Mama, basi la Kigoma linaondoka kesho kutwa alfajiri na mpaka leo hujaniambia kama umekubali. Baba amekubali. Bibi amekubali. Ukikataa, nabaki." Nikakwambia nenda kaangalie makande yasiungue. Makande yenyewe yalikuwa hayajabandikwa. Ukaenda, na tangu jana hujaniuliza tena. Jibu lako limo humu ndani, ila lazima usome yote, maana nikikupa neno moja tu hutajua limetoka wapi.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga begi sikuandikii. Hayo skauti wamekufundisha na unayajua kunishinda. Nakuandikia kuhusu ugonjwa wangu wa kushuku, ambao wewe na baba yako mmeugeuza kichekesho cha nyumba. Baba yako ana nafasi ya kucheka. Yeye yuko Moshi anawajengea watu nyumba, anakuja mwisho wa mwezi, anakubali kila alichoombwa, kisha anarudi Moshi. Anayebaki kushuku kwa niaba ya nyumba nzima ni mimi.

Ulipokuwa mchanga sabuni ilikuwa haipatikani. Usifikirie ilikuwa ghali. Haikuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na mwuzaji aliyekaa kuzilinda. Tulifua kwa majivu, nepi zako zikawa ngumu, ukatoka vipele mpaka ukawa hutaki kushikwa. Wenye miguu walikwenda Taveta, ng'ambo ya mpaka, wakarudi na sabuni kwa njia za porini. Ukikamatwa nayo unaitwa mlanguzi, hata kama ni ya kumfulia mtoto wako.

Nilikwenda na Mama Ombeni, jirani yetu, ambaye tulikuwa tukipendana kama ndugu. Nilikuwa nakunyonyesha, kwa hiyo nikakubeba. Wakati wa kurudi yeye alinisaidia kupanga miche ya sabuni mgongoni kwangu, tukakulaza juu yake, tukakufunga kwa khanga mbili. Halafu tukaachana ili tusionekane kundi. Yeye akashika njia yake, mimi nikapitia Kwakoa.

Pale Kwakoa kulikuwa na kizuizi cha mgambo. Akaja kijana mmoja ana kitambaa shingoni, amekivaa vizuri kabisa, kama nyie mnavyovaa skafu. "Shikamoo mama. Pole na safari. Mtoto wa kike au wa kiume?" Nikasema wa kike. Akakuchekea, nawe ukamchekea. Akakutekenya kidevu. Kisha bila haraka, na bila kupapasa mahali pengine popote, akapitisha mkono chini yako akatoa mche wa kwanza.

Nimeifikiria siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Sabuni ilikwenda, nikalala mahabusu na wewe unalia, hayo yamepita. Linalonikaa ni kwamba yule kijana hakutafuta. Alijua. Na aliyejua sabuni iko wapi alikuwa Mama Ombeni peke yake. Niliporudi nikaacha kumsalimia, na mpaka leo tunapishana njia ya mtoni kila mtu anatazama upande wake. Labda ni yeye. Labda yule kijana alikuwa ameshawakamata wanawake wengi wenye watoto mgongoni, akaujua ujanja wetu. Sijui, Nakiete. Nimekuwa na miaka yote hii ya kumwuliza na sijamwuliza, kwa sababu naogopa majibu yote mawili.

Basi mama wa namna hiyo ndiye uliyemletea habari za skauti. Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja umechangamka, unasema kuna Mwalimu Elifasi, mgeni, ameanzisha skauti shuleni. Nikaja kumwona. Mtu mzima mwenye ndevu, amevaa kaptula, soksi zimefika magotini, anawaongoza watoto wa watu kuingia msituni. Nikauliza ni wa ukoo gani. Nikaambiwa hana ukoo huku, amekulia kambi za mkonge kule tambarare, wazazi wake walikuja kutoka mbali kukata katani. Sisi huku Mamba mtu tunamjua kwa ukoo wake na kwa mfereji anaonyweshea shamba. Yeye hakuwa na kimojawapo.

Nikakuuliza, "Skafu anawapa nani?" Ukasema mnashona wenyewe. "Chakula cha kambi?" Kila mtu anatoka nacho kwao. "Na yeye anapata nini?" Ukasema, "Hapati kitu, mama." Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwelikweli.

Nawe ukumbuke miaka yenyewe. Kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa. Maduka yalijaa, mitumba ikapanda mpaka huku juu, sabuni ikawa ya kuchagua kwa harufu. Na pamoja na hayo yote wakapanda watu wenye viatu vizuri wanaouliza maswali. Msitu huu wa nani? Jiwe hili mmeliokota wapi? Wote wapole, wote hawataki kitu. Sasa na Mwalimu wako naye akawapa dira na karatasi mkaanza kuchora vilima vyetu! Jumamosi nzima mnahesabu hatua, mnaandika kijito kiko wapi, mwamba uko wapi. Hata mpungi, ule msitu wa ukoo wa baba yako ambao kuni zake haziokotwi, mliuzungushia mstari. Nikakwambia, "Huyo anatafuta dhahabu." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mlifagia zahanati. Mliwachotea maji vikongwe. Mlimwezekea mjane nyumba, na ikaacha kuvuja. Wanawake wenzangu kanisani walisifu, nami nikaitikia huku nasema moyoni, ngoja. Mlipokwenda mlima Shengena mkalala huko kwenye baridi, ulirudi miguu imechubuka, unanuka moshi, una furaha ambayo sijawahi kuiona kwako ukiwa hapa nyumbani. Hiyo nayo niliishuku. Kila uliporudi nilipekua mkoba wako, na nadhani ulijua tangu zamani, maana ulianza kuniachia ndizi mbivu humo, juu ya nguo.

Halafu likaja lile la baragumu. Wewe hulisimulia kuanzia juu kambini. Leo lisikie kutoka uani kwangu.

Mlikuwa mmepiga kambi juu ya ndiva, lile bwawa letu ambalo maji ya mfereji hukusanyika usiku ili yagawiwe mashambani mchana. Zamani ndiva ikijaa tope, mzee wa mfereji alipanda kilimani alfajiri akapiga baragumu, na kila nyumba inayonyweshea ikatoa mtu na jembe. Huo ndio msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa jogoo, na jogoo huyo wanamla waliofanya kazi. Lakini wewe na wenzako hamkuwahi kulisikia. Liliacha kulia mkiwa wadogo, watu walipoanza kushughulika kila mmoja na lake, huyu na tangawizi, huyu Moshi, huyu Dar, na ndiva ikajaa tope mpaka mbuzi akawa anakatisha katikati.

Mwalimu wako naye hakujua. Kwake baragumu ni la kuamshia kambi. Akakupa wewe ulipige kwa kuwa ulikuwa kiongozi wa kikosi, na wewe, sijui ulipata wapi pumzi ile, ukalipiga likasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Nilikuwa nakamua. Maziwa yakamwagika. Mwili wangu ulianza kutafuta jembe kabla kichwa hakijaamka. Milango ikafunguka kila upande. Mzee Kiondo, mzee wa mfereji, mtu pekee mwenye haki ya kupiga baragumu, akatoka shati ameligeuza ndani nje, anafoka, "Nani huyo? Nani ananipigia msaragambo bila mimi?" na huku jembe liko begani na miguu inapanda mlima. Mama Ombeni akapita na wanawe. Watu wa umri wangu walipanda kana kwamba walipanda jana na juzi, vijana wanawafuata nyuma wakiuliza kuna nini.

Na mimi? Mimi nikawaza. Mzee Kiondo hajapiga. Basi aliyepiga anataka watu watoke majumbani. Na anayetaka watu watoke majumbani anataka nini, kama si vilivyomo majumbani? Nikaweka jembe chini, nikachukua panga, nikakaa mlangoni kuwasubiri wezi.

Nikalinda, mwanangu. Kijiji kizima kiko mlimani, mimi nalinda. Nilipochoka kukaa nikazunguka nyumba za jirani kutazama makufuli. Nilifika hata kwa Mama Ombeni, mtu nisiyemsalimia, nikasukuma mlango wake kuhakikisha umefungwa. Jua likapanda. Mwizi hakuja. Alikuja mbwa wa Mzee Kiondo, nikamtishia panga akakimbia.

Huko juu nasikia mlitetemeka. Watu wanafika na majembe, wanakuta watoto wenye skafu wanakoroga uji. Mwalimu akaomba radhi, akaeleza. Mzee Kiondo, hasira ikiwa bado iko puani, akamwambia, "Radhi nitaifanyia nini? Watu ndio hawa wameshapanda. Tope ndilo hilo. Niwarudishe wakafanye nini?" Mkaingia wote ndani ya ndiva, skauti na wenye mashamba, mkatoa tope kutwa.

Jioni wakaja uani. Mzee Kiondo mbele, wanawake wawili, Mwalimu nyuma ameshika kofia yake, na wewe, tope mpaka kiunoni.

"Mama Nakiete," akasema Mzee Kiondo, "nyumba zote zimetoa mtu. Yako haikutoa."

"Binti yangu si huyo hapo?"

"Huyo alikuwa kwenye hesabu ya skauti. Nyumba yako haikutoa."

"Nilikuwa naumwa, mzee wangu. Kichwa. Hata hilo baragumu sikulisikia."

Watu wakaitikia pole. Walikuwa tayari kuupokea uongo wangu. Ulikuwa wa adabu, haumdhuru mtu, na Mzee Kiondo alishaanza kugeuka aende zake. Ndipo wewe ukasema, tena kwa sauti ya upole, "Mama, ulilisikia. Nilikuona kutoka juu. Ulisimama, ukachukua panga."

"Nakiete!"

"Mimi ndiye niliyelipiga, mama. Nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya watu waliofanya kazi kutwa nzima."

Jogoo wangu mwekundu akaondoka amening'inizwa miguu. Mlimla kambini, na nikasikia ulipewa paja.

Sikukusemesha kwa siku kadhaa. Maji yalianza kufika mpaka mashamba ya chini, mahindi ya vuli yakasimama, watu wakampelekea Mwalimu ndizi na magimbi, na mimi bado nimenuna. Wote walidhani nalilia jogoo. Niliogopa, mwanangu. Nilikubeba juu ya sabuni ya magendo. Nilikufundisha kunyamaza mtu akikuuliza nyumbani kuna nini. Na pamoja na hayo yote umetoka mtu asiyeweza kumsaidia mama yake uongo mdogo wa kuumwa kichwa. Niliwaona watu wa namna yako miaka ile migumu. Walitaja kila walichonacho walipoulizwa, wakanyang'anywa, na aliyewanyang'anya akawasifu kwa uaminifu wao. Nilijiuliza nimekosea wapi. Kisha nikaona aibu kujiuliza hivyo, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya ninune.

Sasa unakwenda Kigoma, kwenye kambi za wakimbizi, na Mwalimu huyohuyo na skauti wenzako. Umenieleza kazi zenyewe: kuchimba vyoo, kucheza na watoto, kupanga foleni za maji na za chakula. Hapo kwenye foleni ndipo ninapotaka unisikilize. Atakuja mwanamke ana mtoto mgongoni. Atakusalimia vizuri sana. Atakwambia nyumbani ana watoto watano, na wewe utajua kabisa ana wawili. Utakuwa umesimama mbele yake na skafu yako shingoni. Mwanamke huyo namjua, nimewahi kuwa yeye. Sikwambii umwachie, maana nyuma yake kuna wengine wenye njaa. Sikwambii umkamate. Kusema kweli sijui la kukwambia. Naomba tu, kabla hujausema ukweli wako mbele za watu kama ulivyousema uani kwangu, umwite pembeni umwulize mtoto anaitwa nani. Yule kijana wa Kwakoa alikuchekea, akakutekenya, na jina lako hakuuliza.

Nimeandika mengi, na bado nalikwepa jibu. Haya, nakuja nalo.

Wiki iliyopita nilikuaga nakwenda Same kununua mbegu. Sikwenda Same. Nilipanda gari la tangawizi nikashuka mpaka Bendera, kule tambarare, anakoishi mama yake Mwalimu Elifasi tangu shamba la mkonge walilofanyia kazi lilipofungwa. Nilitaka nimwone mwanamke aliyemzaa mtu anayemchukua mwanangu. Njiani nikaambiwa kwamba asili yao ni hukohuko Kigoma. Unaweza kufikiri nilivyokaa ndani ya gari lile baada ya kusikia hivyo. Nikajua kumbe anakwenda kwao, na kambi ni kisingizio tu.

Nikamkuta mama mtu mzima, mwembamba, anapeta mpunga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitolea kigoda nje. Ndani hakunikaribisha. Nikamheshimu kwa hilo.

"Umetumwa na nani?" akaniuliza.

"Sijatumwa, mama. Mimi ni mzazi wa mmoja wa skauti."

"Elifasi amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Hajafanya kitu," akarudia, ungo umesimama mikononi. "Sasa wewe umeshuka kutoka mlimani kote huko kwa kuwa mtu hajafanya kitu?"

Tukatazamana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mtu anayeshuku kunizidi, na nakiri nilijisikia nimefika nyumbani. Akaweka ungo chini, akasema, "Hata mimi simwelewi. Nimemzaa, nimemsomesha kwa mkonge, na akili yake yote iko kwa watoto wa watu. Nimemwambia, Elifasi, watoto wa watu hawachukuliwi hivihivi. Kila mmoja mama yake akubali kwa mdomo wake. Asiyekubali, mwanawe unamwacha, hata kama ameshapanda basi. Ameniapia hapa nilipokaa. Kesho anakuja kuniaga, nitamwuliza mmojammoja." Kisha akanikazia macho. "Wewe wako umemruhusu?"

Nakiete, nilikuwa nimeshika safari yako yote mkononi. Ningesema hapana, Mwalimu angekuacha, na usingejua kamwe kwamba ni mimi. Ungemkasirikia yeye. Ungelia, ningekupikia, ungenyamaza, tungeendelea kuishi. Usinifikirie vizuri, hicho ndicho kilichonishusha Bendera. Neno lenyewe nilikuwa nimeliandaa tangu kwenye gari.

Nikafungua mdomo nikasema, "Nimemruhusu."

Akanitazama kidogo, akanyanyuka, akanikaribisha ndani.

Nilipolisema lilikuwa bado uongo. Chai nilikunywa likiwa bado uongo. Nilipofika barabarani kusubiri gari la kurudi nikaona limeshakuwa kweli, sijui saa ngapi, na nikalia mbele ya wauza nyanya, mmoja wao akanipa kipande cha khanga nijifute. Ndiyo maana jana nilikupeleka kwenye makande ambayo hayapo. Ningekujibu kwa mdomo ningelia, na ningelia ungesema unabaki, na mimi, Mungu anisamehe, ningekuacha ubaki.

Nimekubali. Nenda. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi, na nakuonya mapema usione haya. Nitamwangalia dereva vibaya. Utingo nitamwuliza maswali. Mwalimu wako nitamkagua mwili mzima mbele ya wenzako. Hao wote siwaamini, na hata mkirudi salama sitawaamini. Nakuacha uende nao kwa sababu wewe nakuamini.

Mama yako